Alama ya Ukoo: Jinsi Kolesteroli ya Kurithi Ilivyofuatiliwa Hadi Kwenye Jeni

Katika miaka ya 1930, Carl Müller, daktari wa magonjwa ya ndani mjini Oslo, Norwe, aliona kwamba baadhi ya wagonjwa wake wa moyo walikuwa na alama za nje zinazofanana. Walikuwa na vinundu vigumu kwenye kano za nyuma ya visigino, kwenye vifundo vya vidole na kwenye viwiko. Wengine walikuwa na madoa ya manjano kwenye kope. Walikuwa watu wa makamo, na baadhi yao vijana kabisa, na vifua viliwabana kila walipotumia nguvu. Müller hakuishia kwa mgonjwa aliyeketi mbele yake. Aliwatafuta kaka, dada, wazazi na watoto wake, akawachunguza nao.

Mwenzake wa mji huohuo, Francis Harbitz, mtaalamu wa kuchunguza maiti, alikuwa tayari ameandika katika miaka ya 1920 juu ya watu wenye vinundu hivyo waliofariki ghafla. Müller ndiye aliyeyaunganisha mambo matatu yaliyokuwa yakitajwa kila moja peke yake: vinundu, kolesteroli nyingi katika damu, na maradhi ya moyo. Mwaka 1938 alichapisha habari za familia 17. Kati ya watu 76 wa familia hizo, 68 walikuwa na dalili za ugonjwa wa moyo. Akahitimisha kwamba huu ni ugonjwa mmoja, wa kurithi, na kwamba mzazi mmoja tu anatosha kumrithisha mtoto, awe wa kike au wa kiume.

Kolesteroli yenyewe si adui. Mwili unaihitaji kwa utando wa seli, kwa homoni na kwa nyongo, na sehemu yake kubwa hutengenezwa na mwili wenyewe. Husafiri katika damu ndani ya chembe za mafuta na protini ziitwazo LDL, na ini ndilo lenye kazi kubwa ya kuziondoa chembe hizo. Kwa mtu aliyerithi ugonjwa wa Müller, ini huziondoa polepole mno tangu siku anayozaliwa. Mafuta huganda kwenye kuta za mishipa ya moyo mwaka baada ya mwaka, bila maumivu wala onyo. Ndiyo maana mtu mwembamba, mkulima anayeshinda shambani na asiyependa nyama, anaweza kuwa nao. Asipotibiwa, mwanamume mmoja kati ya wawili hupata ugonjwa wa moyo kabla ya miaka 50, na wanawake takriban asilimia 30 huupata kabla ya miaka 60.

Udhaifu wa alama za Müller ulikuwa kuchelewa kwake. Kinundu cha kisigino huchomoza baada ya miaka mingi, wakati mishipa imekwisha kuharibika, na wengine hawakipati kabisa. Kipimo cha damu huwahi zaidi, lakini nacho kina utata: mtu asiye na ugonjwa huu anaweza kuwa na kolesteroli ya juu kwa sababu nyingine, na mwenye nao akasomeka chini kidogo kuliko ilivyotarajiwa. Familia zilihitaji alama ya wazi, inayoweza kuonekana utotoni, ambayo ingemtenganisha ndugu aliyerithi na ndugu aliyenusurika. Kuitafuta kulichukua karibu miaka hamsini.

Hatua ya kwanza kubwa ilipigwa Beirut. Avedis Khachadurian, daktari wa Chuo Kikuu cha Marekani cha mji huo, aliona watoto wa Kilebanoni wenye vinundu vikubwa kwenye ngozi na kano, ambao kolesteroli yao ilikuwa kubwa kupita kiasi. Ndoa za binamu zilikuwa za kawaida nchini humo, kama zilivyo katika familia nyingi za pwani yetu ya Afrika Mashariki. Pale ambapo binamu wawili wamerithi kasoro ileile kutoka kwa babu mmoja, mtoto wao anaweza kuipata kwa baba na kwa mama. Khachadurian alipima damu za familia nzima, na mwaka 1964 akaonyesha makundi matatu yasiyochanganyika: wasio na kasoro, wenye nakala moja, ambao kolesteroli yao ilikuwa takriban mara mbili ya kawaida, na wenye nakala mbili, iliyofika takriban mara nne. Hao wa mwisho walishikwa na moyo wangali watoto au vijana. Kama ugonjwa ungekuwa umetokana na mambo mengi madogo yaliyojumlishana, makundi hayo yangeungana. Kutengana kwake kulionyesha kwamba chanzo ni jeni moja.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mjini Seattle, Marekani, Arno Motulsky na kijana aliyekuja kujifunza kwake, Joseph Goldstein, pamoja na wenzao, waliwachunguza watu 500 walionusurika na mshtuko wa moyo, kisha wakawafuata jamaa zao. Walikadiria kwamba mtu mmoja kati ya 500 amezaliwa na nakala moja yenye kasoro. Makadirio ya leo yanakaribia mtu mmoja kati ya 250 hadi 300. Kwa vyovyote, ni miongoni mwa magonjwa ya kurithi ya jeni moja yanayopatikana kwa wingi kuliko yote duniani.

Lakini jeni hiyo ilikuwa wapi, katika jozi 23 za kromosomu? Hakukuwa bado na njia ya kuisoma. Watafiti wakatumia ujirani. Kromosomu ni kama uzi wa shanga: ukiukata popote, shanga mbili zinazogusana aghalabu hubaki kwenye kipande kimoja. Ukipata kitu kinachopimika kilicho jirani na jeni usiyoiona, na ukakuta kwamba katika ukoo viwili hivyo husafiri pamoja kutoka kwa bibi kwenda kwa mama na kwenda kwa mjukuu, basi kile unachokiona kinakuwa shahidi wa kile usichokiona.

Shahidi wa kwanza alikuwa protini ya kinga ya mwili iitwayo C3. Ina sura mbili, na zikisukumwa kwa umeme kwenye maabara moja hukimbia kuliko nyingine. Mwaka 1974, Jurg Ott na wenzake walichunguza ukoo mmoja mkubwa wenye kolesteroli ya kurithi, wakaona dalili kwamba ugonjwa na sura ya C3 vinarithiwa pamoja. Kåre Berg na Arvid Heiberg walilithibitisha hilo kwa familia za Norwe katika miaka iliyofuata. Hiyo ilikuwa alama ya kwanza ya kijenetiki ya ugonjwa huu, na uthibitisho wake ulitoka katika nchi ya Müller. Ilikuwa alama ya mbali, isiyofaa kumpa mgonjwa majibu ya uhakika, kwa sababu C3 na jeni ya kolesteroli huachana mara kwa mara. Faida yake ilikuwa kuelekeza. Mwaka 1982 ilipojulikana kwamba C3 iko kwenye kromosomu ya 19, watafiti walijua wachimbe wapi.

Goldstein alikuwa amehamia Dallas, Texas, kuungana na rafiki yake Michael Brown, ambaye walifahamiana mwaka 1966 wakiwa madaktari wanafunzi katika hospitali moja mjini Boston. Walichukua seli za ngozi za wagonjwa waliorithi nakala mbili wakazikuza kwenye vyombo vya maabara. Seli za mtu mwenye afya zilipopewa LDL ziliacha kujitengenezea kolesteroli. Seli za wagonjwa ziliendelea kutengeneza kana kwamba hazijapewa kitu. Kisha wakafanya jaribio lililofumbua fumbo: waliyeyusha kolesteroli tupu kwenye alkoholi, ikapenya seli za wagonjwa bila kusaidiwa na LDL, na seli hizo nazo zikaacha kuitengeneza. Maana yake mtambo wa ndani ulikuwa mzima. Kilichoharibika kilikuwa mlangoni.

Mwaka 1974 walionyesha kwamba juu ya seli za kawaida kuna vipokezi vinavyoikamata LDL na kuiingiza ndani, na kwamba seli za waliorithi nakala mbili zenye kasoro hazikuwa navyo, au hazikuwa na vinavyofanya kazi. Waliorithi nakala moja walikuwa na takriban nusu. Yale makundi matatu ya Beirut sasa yalikuwa na maelezo yanayoweza kuhesabika kwenye seli. Baadaye akaja mvulana mmoja ambaye seli zake ziliikamata LDL lakini hazikuiingiza. Walipochunguza familia yake, walikuta amerithi kasoro hiyo ya kutoingiza kutoka kwa baba, na kasoro ya kutokamata kutoka kwa mama. Kasoro mbili tofauti zilimpata mtoto mmoja na kuzaa ugonjwa mmoja, kwa sababu zote ziliigusa jeni ileile. Jambo hilo lilionya mapema kwamba koo mbalimbali zingekuwa na makosa mbalimbali ndani ya jeni hiyo, kila ukoo na lake.

Kuanzia hapo kazi ilikwenda kasi. Jeni ya kipokezi cha LDL ilinakiliwa kati ya 1983 na 1984. Uta Francke, akishirikiana na watu wa Dallas, alithibitisha mwaka 1984 kwamba iko kwenye kromosomu ya 19, palepale C3 ilipokuwa imeashiria. Mwaka 1985 muundo wake wote ulijulikana, vipande 18 vya maelekezo, na mwaka huohuo Brown na Goldstein wakapewa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Mwaka huo wa 1985 pia, mjini London, Steve Humphries na wenzake walileta alama iliyokaa ndani ya jeni yenyewe. Kuna mahali katika jeni hiyo ambapo herufi moja ya DNA hutofautiana baina ya watu bila madhara. Kimeng'enya kiitwacho PvuII hukata DNA ya wengine mahali hapo na kuacha ya wengine. Tofauti hiyo haisababishi ugonjwa, lakini kwa kuwa imo ndani ya jeni ileile, haiachani nayo ila kwa nadra sana. Katika familia ambayo baba ni mgonjwa na nakala zake mbili zinatofautiana kwa alama hiyo, daktari aliweza kujua nakala ipi inatembea na ugonjwa, kisha akamwangalia mtoto mchanga na kusema ameirithi ipi. Kwa mara ya kwanza swali la familia za Müller lilipata jibu lisilosubiri kinundu wala mshtuko wa moyo.

Alama hiyo ilikuwa na masharti. Ilihitaji damu za ndugu kadhaa, walio wazima na walio wagonjwa; kama nakala mbili za mzazi zilifanana, haikusema lolote; na mgonjwa aliyefiwa na jamaa zake wote hakuweza kusaidiwa nayo. Ilikuwa alama ya ukoo kwa maana halisi: bila ukoo haikusomeka. Ndiyo maana watafiti waliendelea hadi kwenye kosa lenyewe, herufi iliyobadilika au kipande kilichopotea, ambacho kingeweza kupimwa kwa mtu mmoja.

Walipoanza kuyasoma makosa hayo waliona historia ya safari za watu. Mwaka 1987, Helen Hobbs na wenzake walionyesha kwamba zaidi ya nusu ya wagonjwa wenye asili ya Kifaransa huko Quebec, Kanada, wamepotewa na kipande kilekile kikubwa cha mwanzo wa jeni, walichorithi kutoka kwa walowezi wachache wa karne ya 17. Kosa la familia nyingi za Lebanoni nalo lilitajwa mwaka huo, zaidi ya miaka ishirini tangu Khachadurian azihesabu. Huko Johannesburg, Harry Seftel na wenzake walikuwa wameripoti mwaka 1980 kundi kubwa lisilo la kawaida la wagonjwa wa Kiafrikana (Makaburu) wenye nakala mbili zenye kasoro. Mwaka 1989, watafiti wa Cape Town na Dallas walitaja makosa mawili yanayowapata sana Waafrikana. La tatu likaongezwa baadaye. Walowezi wachache waliofika Rasi kuanzia 1652 waliwaachia wajukuu wao kasoro hizo, zikazidi kwa sababu walioana wao kwa wao. Wahindi wa Afrika Kusini nao walikutwa na kosa linalohusishwa na asili ya Kigujarati, jamii ambayo msomaji wa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam anaifahamu vyema. Leo mabadiliko yanayojulikana katika jeni hii yanapita 2,000.

Na si jeni hiyo peke yake. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ilionekana kwamba baadhi ya wagonjwa wana vipokezi vizima, ila protini ya LDL inayopaswa kukamatwa ndiyo yenye kasoro. Mwaka 2003, Marianne Abifadel, Catherine Boileau na Nabil Seidah, pamoja na wenzao wa Paris na Montreal, walitangaza jeni ya tatu, PCSK9, ambayo protini yake huviharibu vipokezi. Ikizidi nguvu, kolesteroli hupanda. Hobbs na Jonathan Cohen wa Dallas wakauliza kinyume chake: je, ikikosa nguvu? Miongoni mwa Wamarekani weusi walikuta takriban watu wawili katika kila mia wenye nakala iliyozimika ya jeni hiyo. Mwaka 2006 walionyesha kwamba watu hao wana LDL ya chini kwa asilimia 28, na kwamba hatari yao ya ugonjwa wa moyo imepungua kwa asilimia 88. Mwaka uliofuata, mojawapo ya mabadiliko hayo lilitajwa miongoni mwa wanawake wa Zimbabwe, na mmoja wao, aliyerithi nakala zote mbili, alikuwa na LDL ya miligramu 15 tu kwa desilita, akiwa na afya njema. Urithi wa Afrika ulisaidia kuonyesha kwamba kuizuia PCSK9 ni salama, na dawa za sindano zinazoizuia ziliidhinishwa mwaka 2015.

Alama ya ugonjwa usio na tiba humtwisha mtu hofu tu. Bahati njema, tiba ilikuwa ikitafutwa miaka ileile. Mjini Tokyo, kuanzia 1971, Akira Endo alipima zaidi ya aina 6,000 za kuvu akitafuta kitakachozuia mwili kutengeneza kolesteroli, akakipata katika ukungu wa jamii moja na ule unaotoa penisilini. Mgonjwa wa kwanza kupewa dawa hiyo, mwaka 1978 mjini Osaka, alikuwa msichana wa miaka 18 aliyerithi kasoro hii kwa wazazi wote wawili. Dawa ya kwanza ya kundi hilo, statini, iliidhinishwa Marekani mwaka 1987. Wenye nakala moja yenye kasoro, ambao ndio wengi, huitikia vizuri, kwa kuwa nusu ya vipokezi vyao ni vizima na dawa huviongeza.

Uholanzi ndiyo iliyoonyesha nini kinawezekana alama na dawa vikikutana. Mwaka 1994 ilianzisha mpango wa taifa: mgonjwa mmoja akijulikana kosa lake la jeni, wauguzi waliwafuata jamaa zake majumbani, wakachukua damu na kutafuta kosa hilohilo, na kila aliyekutwa nalo akawa mlango wa kuwafikia jamaa zake mwenyewe. Katika miaka mitano ya kwanza walianza na wagonjwa 237, wakapima ndugu 5,442, wakawapata 2,039 wenye kasoro. Wengi hawakuwa na habari. Siku ya kupimwa, asilimia 39 tu ya watu wazima waliogunduliwa walikuwa na tiba yoyote. Mwaka mmoja baadaye walikuwa asilimia 93. Hadi mpango huo ulipokoma mwaka 2014 ulikuwa umewafikia zaidi ya watu 25,000 wenye kasoro. Nchi ndogo ya Slovenia ilipita njia nyingine: tangu 1995 hupima kolesteroli ya watoto wa miaka mitano kabla ya kuanza shule, kisha mtoto ndiye anayewaongoza madaktari kwa mzazi.

Matokeo yalikuja mwaka 2019. Waholanzi waliwafuatilia kwa miaka ishirini watoto 214 walioanza statini kati ya umri wa miaka 8 na 18. Walipofikia umri wa miaka 39, asilimia 1 tu walikuwa wamepata tukio la moyo au mishipa. Wazazi wao waliowarithisha ugonjwa, katika umri huohuo, walikuwa wamepatwa kwa asilimia 26, na asilimia 7 walikuwa wamekwisha kufa. Familia ni zilezile, na jeni ni zilezile. Kilichobadilika ni kwamba watoto walijulikana mapema na wakapewa dawa.

Afrika Mashariki, kipimo cha jeni hizi bado hakipatikani kirahisi. Lakini Müller hakuwa na kipimo cha jeni. Alikuwa na macho, kipimo cha damu na majina ya ndugu wa mgonjwa, na vyote vitatu tunavyo. Kolesteroli hupimwa katika hospitali za rufaa na maabara nyingi za mijini. Statini imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2007. Na nasaba tunazijua kuliko Wazungu wengi: mwulize bibi yeyote, atakuhesabia nani mtoto wa nani hadi kizazi cha nne, na nani alikufa ghafla.

Hapo ndipo maarifa haya yanapotuhusu kwa uchungu. Mtu wa miaka 38 anapoanguka na kufa, msibani huanza minong'ono: karogwa, kahusudiwa, kapewa sumu. Mashemeji hutazamana kwa jicho baya, na bibi kizee hunyooshewa kidole. Ikikumbukwa kwamba baba yake alikufa vivyo hivyo, na baba mdogo pia, basi huitwa laana ya ukoo. Wakati huohuo watoto wa marehemu wanazunguka uani, kila mmoja pengine akiwa na nafasi ya nusu kwa nusu ya kuwa amerithi kitu kinachopimika na kutibika, na hakuna anayewapeleka kupimwa.

Daktari anayempokea mgonjwa wa moyo aliye chini ya miaka 55, au anayesoma LDL ya miligramu 190 kwa desilita au zaidi, amwangalie visigino na vidole, kisha amwulize habari za wazazi, ndugu na watoto wake, na aandike majina yao. Siri ya majibu ilindwe, maana hata Uholanzi baadhi ya waliogunduliwa walipata shida na kampuni za bima ya maisha. Lakini siri ya daktari haimzuii mgonjwa mwenyewe kusema na jamaa zake. Anayeambiwa ana kolesteroli ya kurithi amepewa habari ya ukoo mzima, na ndugu zake wana haki ya kuipata wakiwa bado na muda wa kuitumia.